Pawa windo imegoma: pima kwanza, mota baadaye

Kioo cha gari kikigoma kupanda, neno la kwanza utakaloambiwa ni "mota imekufa". Atakwambia dereva mwenzako, atakwambia mpita njia, na wapo mafundi watakaokwambia hivyo kabla hawajashika hata bisibisi. Mota inasingiziwa mengi. Kwenye gari kongwe za Unguja na Pemba mimi huanza kuishuku swichi, kisha waya uliokatika pale mlango unapokunjika. Nyuma ya hayo yote kuna raba kavu ya mfereji kioo kinamopita, na hiyo hakuna anayeitazama.

Gari zetu nyingi, Noah, Raum, Spacio, IST, Escudo, zilitumika Japani miaka kadhaa kabla ya kupanda meli. Zikifika huku zinakutana na hewa ya chumvi, jua la kutwa nzima, mchanga mweupe wa Paje na Nungwi, na masika ya Machi hadi Mei inayomwaga maji ndani ya milango. Jua linakausha raba. Raba ikikauka inakibana kioo, na mota inayokisukuma kioo kilichobanwa inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Umeme huo wote unapita kwenye vijiulimi vidogo vya shaba ndani ya swichi, navyo vinaungua. Ukibadilisha mota ukaiacha raba ile ile, mota mpya nayo itakula swichi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kupima, na raba ina sehemu yake.

Kioo kiko chini na wingu limetanda

Gari ikiwa barabarani na mvua inakuja, ufundi subiri kwanza, ziba dirisha. Washa injini, maana betri iliyopumzika ina kama volti 12.6, lakini injini ikizunguka unapata karibu 14, na tofauti hiyo pekee inaweza kukiamsha kioo kizito. Mwambie mwenzako akibane kioo kwa viganja viwili, kimoja nje kimoja ndani, avute juu huku wewe umeshikilia swichi ya kupandisha. Kisipotikisika, piga ngumi kwenye bodi ya mlango (kifuniko chake cha ndani), chini kidogo ya swichi, huku bado umebonyeza. Kaboni iliyokwama ndani ya mota, yaani kipande kidogo kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, mara nyingi huachia kwa mtikisiko huo.

Kikipanda, usikishushe tena mpaka siku ya kazi, na watoto wa nyuma waambie wasiguse. Kama kioo kinashuka chenyewe kwa uzito wake, mashine ya ndani inayokibeba na kukipandisha imevunjika: kipandishe kwa mkono, tia kabari ya ubao mwembamba kati ya kioo na raba ya chini, kisha pitisha tepu pana kutoka kwenye kioo, juu ya fremu, hadi upande wa pili. Tepu usiiache juani kwa siku nyingi, itaacha gundi isiyotoka.

Sikiliza kabla hujafungua kitu

Funguo ikiwa kwenye ON, zima redio, bonyeza swichi juu na chini huku sikio liko karibu na mlango.

Kimya kabisa, na taa ya ndani ya gari haififii hata kidogo: umeme haupiti kwenye mota. Hapo ni fyuzi, swichi, waya, au kaboni za mota ambazo hazigusi.

Kimya au mlio wa "tak", lakini taa ya ndani inafifia kila ukibonyeza: umeme unafika na mota inajaribu. Imekwama yenyewe, au kioo kimebanwa.

Mota inalia vizuri ila kioo hakiendi, au kinapanda upande mmoja kikakaa mshazari: umeme hauna kosa, ni mashine ya kioo au plastiki zake.

Kioo kinapanda kwa kusuasua, kinagota katikati, ukisubiri dakika chache kinaendelea: mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake inayokata umeme ikizidiwa, ikipoa inarudisha. Hii ni dalili ya raba kavu kuliko dalili ya mota mbovu.

Halafu kuna jambo linalowaaibisha watu. Kwenye swichi ya dereva kuna kitufe kimoja cha kufungia vioo vya abiria. Kikibonyezwa, swichi za milango mingine hazifanyi kazi. Kiangalie kwanza.

Baada ya hapo, kama kilichogoma ni kioo cha abiria, kijaribu kwa swichi ya dereva na kwa swichi ya mlango wake. Kikikubali kwa moja na kukataa kwa nyingine, mota ni nzima na umeshaokoa pesa. Vikigoma vioo vyote vinne kwa pamoja, usifungue mlango wowote. Nenda kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi ya dereva, kwa sababu gari nyingi za Toyota za miaka ile hupitisha umeme wa milango mingine humo humo.

Fyuzi ya vioo huwa kubwa, kwa kawaida ampea 20 hadi 30, na kwenye kifuniko cha sanduku utaikuta imeandikwa POWER au P/W. Itoe uitazame kwenye mwanga, na tazama pia miguu yake. Chumvi huifanya iwe na ukungu wa kijani ambao unazuia umeme ingawa fyuzi haijaungua. Ikwangue, irudishe. Ikiwa imeungua, weka ya ampea zile zile. Wanaofunga kipande cha waya badala ya fyuzi wanaiunguza gari kwa mikono yao wenyewe.

Vifaa

Bisibisi ya nyota na ya bapa, soketi namba 10 na mkono wake mrefu, plaizi, tepu, msasa laini namba 800 au 1000, spiriti, silikoni ya kupuliza, na klipu mpya kiasi za bodi ya mlango, maana za zamani lazima zingine zivunjike. Cha kupimia, mimi napenda testa ya balbu kuliko mita. Mita inaweza kukuonyesha volti 12 kwenye waya uliobaki na uzi mmoja tu wa shaba, ukadhani uko salama. Balbu inakula umeme, kwa hiyo haidanganyiki: waya dhaifu unaiwasha kwa uvivu, ukaona kwa macho.

Kufungua mlango

Kama gari yako ina mfuko wa hewa ndani ya mlango au ubavuni mwa kiti, toa kwanza terminali ya hasi ya betri, usubiri dakika kadhaa, na uirudishe wakati wa kupima tu. Gari nyingi za umri huu hazina kitu hicho, lakini angalia.

Skrubu zimefichwa, na ndiyo sababu bodi nyingi zinavunjwa na wenye haraka. Moja iko nyuma ya mkono wa kufungulia mlango, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Nyingine iko ndani ya kishimo cha kuvutia mlango, mara nyingi pia imefunikwa. Pembetatu ya plastiki iliyo karibu na kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma inatoka kwa kuivuta. Ukishatoa skrubu zote, ingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa kwenye ukingo wa chini wa bodi, karibu kabisa na klipu, ubinue taratibu. Zunguka klipu kwa klipu. Mwisho, inua bodi nzima juu. Imening'inia kwenye ukingo wa dirisha. Usiivute mbali kwa ghafla, kuna plagi za swichi na pengine waya wa kitasa nyuma yake.

Utakutana na nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Ibandue polepole kwa kisu, uitunze isiguse mchanga. Mafundi wengi huichana na kuitupa, halafu mwenye gari anashangaa zulia limelowa.

Pima kwenye plagi ya mota

Mota ya kawaida ina waya mbili. Hakuna chanya na hasi ya kudumu hapo: kioo kikipanda, umeme unaingia kwa waya mmoja na kutokea wa pili, kikishuka unageuka. Usipobonyeza kitu, nyaya zote mbili zimeunganishwa na chuma cha bodi ya gari kupitia swichi. Kwa hiyo testa usiichomeke kati ya waya mmoja na bodi. Ichomoe plagi ya mota, weka testa kati ya waya wa kwanza na wa pili, mwenzako abonyeze juu kisha chini.

Balbu ikiwaka vizuri pande zote mbili, swichi na waya ziko sawa. Rudi kwenye mota. Ikiwaka upande mmoja tu, mara nyingi kijiulimi kimoja cha swichi kimeungua. Isipowaka kabisa, au iwake kwa uvivu, tatizo liko kati ya fyuzi na hapo ulipo.

Mota nayo ihukumu peke yake. Leta nyaya mbili kutoka kwenye betri, moja ikiwa na fyuzi ya ampea 20, uziguse kwenye plagi ya mota kwa sekunde moja tu. Geuza nyaya, gusa tena. Vidole viwe mbali na mashine, kwa sababu mota hii ina gia yenye nguvu na haina huruma. Ikizunguka kwa nguvu pande zote mbili, basi ilisingiziwa. Ikiwa mota yako ina waya zaidi ya mbili, kama baadhi ya zile za dereva zinazopanda kwa mguso mmoja, usifanye jaribio hili la betri bila kuwa na mchoro wake.

Waya uliokatika ndani ya raba

Kati ya mlango na nguzo inayoushika kuna raba nyeusi yenye makunyanzi, ndani yake zinapita nyaya zote za mlango. Kila mlango ukifunguliwa zinapinda, na kwenye gari iliyokuwa ya kazi ni maelfu ya mipindo. Ivue raba upande mmoja, uisukume.

Waya uliokatika haujionyeshi. Ganda la nje linakuwa zima, rangi yake nzuri, shaba ya ndani ndiyo imeachana. Shika kila waya kwa vidole viwili uvute kidogo. Ule unaorefuka ndio wenyewe, kwani waya mzima haurefuki. Ukate pale, uchune ganda, na kama gari imekaa sana pwani utaona shaba imekuwa nyeusi, na unga wa kijani unadondoka kwenye kiganja. Hapo usiunge. Endelea kukata nyuma, sentimita baada ya sentimita, mpaka shaba ing'ae. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye shaba nyeusi, na ukisokota kwa mkono ukafunga tepu, ifikapo vuli utakuwa umerudi hapo hapo.

Tia kipande cha waya mpya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba, usiwe mdogo kuliko wa zamani. Waya mgumu wa umeme wa nyumba haufai, utakatika haraka kuliko ule ulioutoa. Viungo viwili vya kipande hicho visikae ndani ya raba inayopinda: kimoja kiingie ndani ya mlango, kingine ndani ya nguzo. Lehemu, kisha funika kwa kijimrija cha plastiki kinachonywea kikipata moto. Ukishakuta waya mmoja umekatika, kagua jirani zake, maana zimepinda mara zile zile.

Swichi

Hii ndiyo kazi ninayoipenda, kwa sababu ni ya bei ndogo na matokeo yake yanaonekana pale pale. Toa swichi kwenye bodi, piga picha kwa simu kila hatua, na ifungulie juu ya kitambaa cheupe kilichotandazwa ndani ya sinia. Kuna springi na vipini vidogo vinavyoruka, na ukifanya kazi hii barazani bila sinia utakesha unatafuta.

Binua vikono vya plastiki vinavyoshika kitako chake. Ndani utaona vipande vya shaba vinavyopinduka huku na huku kila unapobonyeza. Vya mlango wa dereva vitakuwa na doa jeusi, pengine kishimo kilichochimbwa na cheche, na pembeni grisi ya zamani imeganda kahawia. Futa grisi yote kwa spiriti na pamba. Sugua ncha za kugusana kwa msasa laini hadi shaba ionekane, bila kuila. Kama kijiulimi cha dereva kimeliwa sana na vyote vinafanana umbo, kibadilishane na kile cha mlango wa nyuma kushoto, ambacho katika gari nyingi karibu hakijatumika. Grisi mpya tia kidogo sana, kwenye vipini vinavyoteleza tu, sehemu za kugusana ziache kavu.

Swichi iliyoyeyuka plastiki usihangaike nayo, nunua nyingine.

Mota na mashine ya kioo

Kabla hujalegeza chochote kinachobeba kioo, kipandishe hadi juu na ukifunge kwa tepu kwenye fremu. Kama hakipandi, kitoe kabisa: kishushe au kisogeze mpaka bolti mbili zinazokishika zionekane kwenye tundu la mlango, zifungue kwa namba 10, kiinue kwa kukilaza upande mmoja, kitoke. Kiweke juu ya zulia, si juu ya saruji.

Bolti za mashine nyingi zinakaa kwenye matundu marefu ili kioo kirekebishwe. Zichoree duara kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kuzifungua. Ukiruka hatua hii, kioo kitarudi mshazari na upepo wa kusi utakupigia mluzi njia nzima ya Bububu.

Sasa hatari. Mashine ziko za aina mbili. Ile ya mkasi, yenye mikono miwili ya chuma inayopishana, ina springi nzito ya kusaidia kuinua kioo, na kinachoizuia isifyatuke ni gia ya mota. Ukifungua mota wakati kioo kimeshatoka, mkono wa chuma utaruka na kukata kidole. Itoe mashine pamoja na mota yake, kisha toboa tundu moja linalopita kwenye gia kubwa na bamba la nyuma, upitishe bolti na nati kuzifunga pamoja. Hapo ndipo ufungue bolti tatu za mota. Aina ya pili inatumia kebo na reli. Hii kebo ikifumuka au plastiki ya kubebea kioo ikivunjika, nunua mashine nzima. Waliojaribu kuisuka kebo upya nimewaona, na sikuona kioo kilichodumu.

Mota yenyewe unaweza kuifungua kama imeingia maji. Ganda lake linashikwa na skrubu mbili, sumaku itavuta rota, ile sehemu inayozunguka, itoke pamoja na ganda, na kaboni zitaruka. Safisha kutu, pitisha msasa namba 1000 pale kaboni zinapogusa, hakikisha kaboni zinateleza ndani ya vishikio vyake. Zikiwa zimeisha, tafuta mota ya mtumba.

Kwenye kununua, beba mota ya zamani mkononi. Ya kulia na ya kushoto hazifanani, kwa hiyo linganisha upande, idadi ya pini kwenye plagi, na meno ya gia. Mjini Unguja kuna spea nyingi za Toyota za mtumba, zinazokosekana huagizwa Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, zikaja na boti. Aliye Wete au Chake Chake akiagiza kwa simu atume picha ya plagi na namba ya chesisi, vinginevyo atapokea mota ya upande usio wake na kulipa nauli ya mzigo mara mbili. Mwambie muuzaji aijaribu kwenye betri mbele yako, pande zote mbili.

Raba

Tia maji ya sabuni na mswaki wa zamani ndani ya mfereji wa raba, kuanzia juu ya fremu hadi kina cha mlango. Mchanga utakaotoka utakushangaza. Suuza, acha ikauke kabisa, kisha puliza silikoni ndani ya mfereji wote na ufute inayozidi.

Usitie mafuta ya injini. Usitie grisi. Na tafadhali, mafuta ya nazi yabaki jikoni. Vitu hivyo vinavimbisha raba au vinanata mchanga, na baada ya wiki kadhaa kioo kinasaga kikipanda. Grisi nyeupe ina mahali pake, kwenye reli na magurudumu ya mashine, si kwenye raba.

Jaribu kioo kikiwa hakijafungwa kwenye mashine: kikamate kwa mkono mmoja, kipandishe na kukishusha. Kikihitaji nguvu, raba imeisha au imejikunja mahali. Raba iliyopasuka haiponi kwa silikoni, ibadilishe.

Kufunga

Rudisha vyote, choma plagi, pandisha na shusha kioo mara kadhaa kabla ya kufunga bodi. Injini ikiwa inazunguka, sekunde 4 au 5 kutoka chini hadi juu ni mwendo mzuri. Vitundu vya kutokea maji chini ya mlango vizibue kwa kijiti, kwa sababu mlango unaojaa maji kama mashua ndio unaoozesha mota. Nailoni irudishe, na ukingo wake wa chini uchomeke ndani ya mlango ili maji yateremke kuelekea vitunduni badala ya kuja kwenye zulia. Kama ilichanika, nailoni nene ya ujenzi inafaa.

Bodi ianze kuning'inia juu, kisha gonga klipu kwa kiganja, skrubu mwisho. Kwa kioo kinachopanda chenyewe kwa mguso mmoja, umeme ukishakatwa huenda kompyuta yake imesahau mwisho ulipo: kishushe nusu, kipandishe hadi juu na uendelee kushikilia swichi sekunde mbili baada ya kufunga. Kikifika juu kikarudi chini chenyewe, rudia, safari hii ukishikilia kidogo zaidi.